Bendera ya Njano, Mhuri na Dumu la Maji: Yoti Inavyoingia Bandarini

Ukiona yoti ya kigeni imetia nanga mbele ya Ras Kazone, Tanga, au mbele ya Mji Mkongwe wa Unguja, na watu wake wamekaa sitahani tangu alfajiri wakiutazama mji bila kushuka, inua macho uangalie mlingoti wake. Upande wa kulia utaona kitambaa cha njano kitupu, hakina nyota wala mstari. Katika alama za kimataifa za meli hiyo ni bendera ya herufi Q, na maana yake ni kwamba chombo hiki ni kizima, kinaomba ruhusa ya kuingia. Mpaka ruhusa itoke, anayeshuka ni nahodha peke yake, naye anakwenda ofisini, si sokoni. Wenzake wanabaki. Wanasikia adhana na honi za bodaboda, lakini kwa hesabu ya maofisa bado hawajaingia nchini.

Na humo ndani mambo yamebana. Tangi la maji limebaki robo, mkate uliisha juzi, nguo zimekakamaa kwa chumvi, taka za safari nzima zimejaa mfuko ulioanza kunuka, na dizeli iliyobaki haitoshi kufika bandari nyingine. Kila shida kati ya hizo ina dawa yake hapo ufukoni, na kila dawa inasubiri karatasi.

Safari za yoti huelezwa kwa vipande viwili: huku usumbufu wa ofisi, kule kazi za nyumbani. Mimi nayaona ni jambo moja. Karatasi ndiyo inayoamua lini utachota maji, taka utazitupa wapi, nyama ibaki kwenye friji au itolewe, na siku ngapi utakaa kabla ya kung'oa nanga. Nayaandika haya hasa kwa vijana wetu wa mwambao wanaopata kazi kwenye vyombo hivi, kwa mawakala wanaoanza, na kwa yeyote anayetaka kuelewa kwa nini mtu aliyevuka bahari salama anaweza kukwama siku tatu kati ya kaunta na kaunta.

Maswali ni yale yale

Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Mogadishu, akiwa njiani kwenda Mombasa na Kilwa. Alieleza utaratibu alioukuta hapo: chombo kikifika kutoka ng'ambo, mashua ya sultani hutoka kwenda kukilaki, na waliomo huuliza kimetoka wapi, mwenyewe ni nani, nahodha wake ni nani, kimebeba nini, na wamekuja watu gani. Chukua fomu ya kuingia bandari yoyote leo, iwe ya Mombasa au Sydney, utayakuta maswali hayo hayo. Kilichobadilika ni kwamba kila swali limepata ofisi yake, sheria yake na kaunta yake ya malipo.

Hapo ndipo mgeni anapopotea. Anadhani bandari ni mwenyeji mmoja, kwa hiyo akishagongewa mhuri mmoja anajiona amemaliza. Kumbe wenyeji ni wanne.

Afya ya bandari inauliza juu ya miili: nani anaumwa, nani amekufa safarini, kuna panya, mmetoka nchi gani. Nyuma yake ziko Kanuni za Kimataifa za Afya za mwaka 2005. Hawa hutangulia, kwa sababu wao ndio wenye uwezo wa kumzuia ofisa mwingine asipande. Kwetu wataomba kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Yoti iliyotoka Mombasa jana jioni ikaingia Tanga leo asubuhi imetoka katika nchi iliyo kwenye orodha ya homa ya manjano, jambo ambalo nahodha aliyezoea bahari za Ulaya halimjii akilini. Chanjo moja inatosha maisha yote: tangu Julai 2016 cheti hakina tena ukomo wa miaka 10, hata kama kadi yenyewe ya zamani imeandikwa hivyo.

Uhamiaji unauliza juu ya watu. Forodha inauliza juu ya mali. Wa nne ni bandari yenyewe, pamoja na mamlaka ya usalama wa vyombo vya majini, nao wanauliza juu ya chombo: kimesajiliwa wapi, kina ukubwa gani, kitatia nanga wapi, kitalipa tozo gani.

Tanzania ina fundo lake la ziada. Uhamiaji na ushuru wa forodha ni mambo ya Muungano, kwa hiyo mhuri uliogongewa pasipoti Tanga unakubalika Unguja. Lakini katika kuendesha bandari, Bara kuna Mamlaka ya Bandari (TPA) na Zanzibar kuna Shirika lake la Bandari. Yoti inayotoka Tanga kwenda Mkoani, Pemba, haijatoka nchini, ila imeingia kwa mwenyeji mwingine na inapaswa kuripoti upya. Forodha nayo inataka kujua chombo kilichoingizwa kwa muda kiko wapi, hivyo safari za bandari hadi bandari ndani ya nchi zina hati yake. Na tangu Oktoba 2024 mgeni kutoka nje anayeingia Zanzibar hutakiwa kukata bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Ukiyajua hayo mapema unapanga: unaanza na bandari ipi, unaishia ipi, ofisi zipi unazigusa mara moja na zipi mara tatu.

Mwaka 1965, mjini London, nchi zilikubaliana chini ya shirika la bahari la Umoja wa Mataifa, ambalo leo ni IMO, kwamba fomu za meli zifanane. Ndiyo sababu tamko la jumla la chombo, orodha ya mabaharia na orodha ya vitu vya matumizi ya chombo vina sura moja karibu kila mahali. Tatizo ni kwamba fomu hizo zilitungwa kwa ajili ya meli za shehena. Mume, mke na mtoto wao kwenye yoti ya mita 11 wanajikuta wakiulizwa tani za mzigo na idadi ya abiria. Jibu ni kuandika "hakuna" kwa mkono wako. Nafasi iliyoachwa wazi humfanya karani akurudishe nyuma ya foleni. Na familia hiyo ijiandike yote kuwa mabaharia: baba nahodha, au mama nahodha, waliobaki mabaharia. Neno "abiria" linafungua swali jingine kabisa, kwamba je, hawa wamelipa nauli?

Chombo chenyewe ni bidhaa

Inayoumiza vichwa zaidi ni forodha, na sababu inafahamika vibaya. Watu hudhani forodha inatafuta magendo ndani ya yoti. Wakati mwingine ndiyo. Lakini kitu cha kwanza inachokiangalia ni yoti yenyewe. Kwa mwenyewe ni nyumba. Kwa forodha ni mali ya thamani kubwa iliyoingia nchini bila kulipiwa ushuru, sawa na gari lenye namba za kigeni lililovuka mpaka pale Horohoro. Ikiuzwa kimyakimya, serikali imepoteza kodi.

Suluhisho la nchi nyingi ni kuiingiza kwa muda. Hulipi ushuru, kwa sharti kwamba utaitoa kabla ya tarehe iliyoandikwa, huiuzi, huikodishi, wala huifanyii biashara. Sharti la mwisho ndilo linalovunjwa kirahisi. Nahodha anaishiwa pesa, mgeni wa hoteli anamwomba amzungushe visiwani kwa dola 100, naye anaona ni jambo dogo. Si dogo. Kuanzia hapo chombo ni cha biashara, kinahitaji leseni na ukaguzi wa usalama, na kuingizwa kwake kwa muda kumeharibika. Mimi naunga mkono ukali huu. Vijana wa Kizimkazi na Nungwi wanaopeleka watalii baharini wamelipia leseni na maboya ya kuokolea; yoti inayopita haiwezi kuja kula kwenye sahani yao bila kulipa chochote.

Jambo la kushika hapa ni kwamba mtu na chombo chake vina saa mbili tofauti. Ulaya inaonyesha vizuri zaidi. Raia wa nje anayetembelea nchi za Schengen, kundi la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, anaruhusiwa siku 90 katika kila siku 180. Yoti yake, ikiwa imesajiliwa nje ya Umoja wa Ulaya na mwenyewe anaishi nje, inaruhusiwa kukaa miezi 18 bila kulipiwa kodi ya ongezeko la thamani. Kwa hiyo yoti inaweza kubaki kihalali Ugiriki huku mwenyewe akitakiwa apande ndege aondoke. Kinyume chake pia hutokea: mtu anahangaikia visa yake mpaka inaongezwa, anasahau kwamba chombo nacho kina tarehe, na forodha inamfuata.

Kwetu kuna saa ya tatu, nayo ni upepo. Anayeteremka kutoka Mombasa kwenda Mtwara hungoja kaskazi, Desemba hadi Machi. Kusi likishika Aprili, njia hiyo inakuwa ya kupigana na upepo na mkondo kwa pamoja. Visa ya kawaida ya Tanzania inatoa siku 90. Aliyeingia Tanga mwanzoni mwa Januari amepewa na uhamiaji karibu muda ule ule aliopewa na upepo, na wiki moja aliyoipoteza kwa kukosa nakala ya cheti inahesabiwa kwenye zote mbili.

Vipuri navyo viko chini ya forodha. Pampu ya maji ya injini inakufa, kipuri kinaagizwa Uingereza au Afrika Kusini, kinafika uwanja wa ndege kwa siku nne, kisha kinalala ghalani wiki mbili. Nchi nyingi husamehe ushuru wa kipuri cha chombo kilicho safarini, kwa sababu kitaondoka na chombo. Lakini kisanduku lazima kijieleze: jina la yoti, namba ya usajili, maneno kwamba ni kipuri cha yoti iliyo safarini, na ankara yenye bei ileile iliyoandikwa nje. Pengine ofisa huandamana na kisanduku mpaka kwenye chombo ahakikishe kimepanda. Kwa kipuri cha maelfu machache ya shilingi, ushauri wangu ni kulipa ushuru na kuondoka. Msamaha unaotafutwa kwa siku tano ni ghali kuliko kodi.

Pombe na sigara za ziada hutangazwa kwenye orodha ya vitu vya matumizi. Ofisa akiona ni nyingi anafunga kabati kwa lakiri mpaka siku ya kuondoka, na lakiri hiyo haiguswi.

Kijana wetu kwenye orodha ya mabaharia

Orodha ya mabaharia inaonekana karatasi nyepesi: jina, uraia, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, cheo. Uzito wake uko kwenye saini ya nahodha. Kila jina lililoandikwa hapo ni mtu aliyemleta yeye, na katika nchi nyingi ni yeye atakayebeba gharama za kumrudisha kwao. Ndiyo maana baharia hawezi kushuka tu na begi lake akasema safari imemshinda. Anafutwa rasmi kwenye orodha mbele ya uhamiaji, akiwa na tiketi ya kuondokea au visa ya kubakia.

Kijana wa Lamu au wa Mkokotoni anayepata nafasi ya kusaidia kupeleka yoti ng'ambo aulize mambo haya kabla ya kukabidhi pasipoti. Atashukia wapi? Nani analipa tiketi ya kurudi, na je, imeandikwa? Bandari inayofuata inamtaka visa gani yeye, si nahodha? Mzungu wake anaweza kuingia Mayotte kwa pasipoti tu. Mtanzania anahitaji visa, na visa ya Schengen haimsaidii, kwa sababu Mayotte na Réunion ni Ufaransa lakini haziko ndani ya Schengen. Shelisheli, kwa upande mwingine, haimdai Mtanzania visa, ila kibali cha safari kinachoombwa kabla. Tofauti kama hizo ndizo zinazoamua kijana atashuka kutembea mjini au atafungiwa sitahani mpaka chombo kiondoke.

Jina kwenye orodha lifanane na la kwenye pasipoti herufi kwa herufi. Sisi wenye majina matatu tunajuana kwa mawili, lakini ofisa wa nchi ya mbali hajui hilo.

Mhuri, risiti na wakala

Mfuko wa karatasi wa yoti hubeba cheti cha usajili, bima, leseni ya redio, pasipoti, kadi za chanjo, hati ya kuondokea bandari iliyopita, na nakala za orodha ya mabaharia, nyingi kuliko unavyodhani zinahitajika. Kuhusu bima niseme kidogo, maana pwani yetu ina historia. Oktoba 2009 Waingereza wawili, Paul na Rachel Chandler, walitekwa na maharamia wa Kisomali walipokuwa wakitoka Shelisheli kuja Tanzania, wakashikiliwa zaidi ya mwaka mmoja. Kwa miaka mingi baada ya hapo yoti zilitukwepa. Eneo la hatari ambalo sekta ya meli ililitangaza katika Bahari ya Hindi lilifutwa tarehe 1 Januari 2023, na sasa zimeanza kurudi. Hata hivyo nahodha asome mkataba wake wa bima, aone kama maji ya huku yametajwa.

Halafu kuna mhuri wa chombo. Mabaharia wazoefu wote wanao, na wageni huuona kama mchezo mpaka wafike kaunta ya kwanza. Hauna nguvu yoyote ya kisheria kwa yoti binafsi. Lakini karani amefunzwa kwamba hati ya kampuni isiyo na mhuri haijakamilika, na meli zote anazozihudumia zina mhuri. Fundi wa mihuri utampata karibu na steshenari yoyote kubwa ya Dar, Tanga au Mombasa. Unamwandikia jina la yoti, namba ya usajili na bandari ya nyumbani. Anakuonyesha kwanza kwenye kompyuta. Baadaye unarudi unakuta kimpira kimebandikwa kwenye mshikio, kimejaribiwa juu ya gazeti, na kidau cha wino wa bluu kando. Gonga chini kushoto, weka saini ipite juu ya duara. Karatasi hiyo itapita mahali ambapo iliyo safi ingezua maswali.

Malipo ndiyo sehemu inayotisha, na ndiyo iliyorahisika zaidi. Tanzania, tozo halali ya serikali inalipwa kwa namba ya malipo ambayo sote tunaiita kontrol namba: ofisa anakutolea, unalipa benki, kwa simu au kwa wakala, risiti inatoka. Kenya, malipo ya serikali yanapita kwenye mtandao wa serikali uitwao eCitizen. Kwa mgeni asiye na laini ya simu ya huku ni usumbufu kidogo, lakini utaratibu huu umempa kila mtu kipimo. Ukiambiwa ulipe, omba kontrol namba. Ikitolewa, lipa hata kama kiasi kimekuuma, maana tozo za ghafla za Jumapili na za nje ya saa za kazi zipo kihalali. Isipotolewa, sema kwa adabu kwamba unasubiri risiti, kisha kaa kwenye benchi. Usigombe wala usitaje sheria kwa sauti. Ofisa anayetaka chai hutegemea haraka yako, na asiyeonyesha haraka hana cha kuchukuliwa. Bara, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapatikana kwa namba 113 bila malipo. Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu ofisa mmoja wa aina hiyo hulipaka matope jina la wenzake wengi wanaofanya kazi yao kwa heshima.

Salamu zina kazi kubwa hapa. Mgeni anayefika kaunta na "shikamoo" kwa ofisa mtu mzima, akauliza habari za kazi kabla ya kufungua mfuko wake, kashaanza vizuri. Avae suruali ndefu na shati; kaptula ya sitahani imekera ofisi nyingi. Na aepuke kufika Zanzibar Ijumaa mchana, ofisi zinapofungwa kwa ajili ya sala, au alasiri ya Ramadhani, saa za kazi zinapofupishwa.

Wakala je? Visiwa vya Galapagos vinamlazimisha kila mgeni awe naye. Kwingi kwingine ni hiari. Wakala mzuri anajua meza ipi inatangulia na nani yuko likizo, na kwa bandari kubwa iliyotawanyika kama Dar es Salaam thamani yake inaonekana. Akubali tu kuandika bei yake peke yake, na tozo za serikali peke yake.

Maji, dizeli, soko

Bendera ya njano ikishuka, bendera ndogo ya nchi mwenyeji inapanda mahali pake, na kazi zinaanza. Ratiba haipangwi na saa ya ukutani. Kwetu bahari hupanda na kushuka karibu mita nne siku za bamvua, na ufuko uliofika nao kwa kiboti cha mpira asubuhi unaweza kuukuta umekuwa uwanja wa matope. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, yaani wakati ule ule ofisi na maduka yamechangamka. Siku za maji mafu ni kinyume: saa nne maji yako juu, wala hayaendi mbali yakitoka. Kwa hiyo bamvua ifanye ya ofisi na soko la mboga, mizigo mizito iache ya maji mafu. Dumu la lita 20 za dizeli lina kilo kama 17; kulibeba mita mia mbili juu ya matope na mawe ya matumbawe ni kazi ya kuvunja mgongo, na ukiteleza umeitia bahari mafuta.

Dizeli yenyewe isimiminwe moja kwa moja tangini. Acha madumu yatulie usiku kucha, maji na uchafu vikae chini, kisha mimina kwa faneli yenye chujio, ukiacha kikombe cha mwisho. Maji yakiingia kwenye tangi, vijidudu huota baina ya maji na mafuta, hugeuka ute mweusi, na ute huo huziba chujio siku bahari imechafuka, kwa sababu ndipo tangi linapotikiswa.

Maji baridi ni hesabu ya kila siku. Watu wawili wakijibana kwa lita 10 kila mmoja, tangi la lita 200 linawapa siku 10, kuoga kwa kopo kukiwemo. Wenye mashine ya kuondoa chumvi hawako salama kabisa: haifai kuwashwa bandarini, kwa maana utando wa mafuta juu ya maji huharibu chujio lake, na maji ya bomba yenye klorini nayo huliua likisafishwa kwayo. Masika yanaleta maji ya bure. Turubai linakingwa, mvua ya dakika za kwanza inaachwa ioshe chumvi na vumbi, ndipo ndoo inawekwa.

Nguo zinaweza kufuliwa kwa maji ya bahari, mradi suuzo la mwisho liwe la maji baridi. Chumvi iliyobaki kwenye kitambaa huvuta unyevu wa hewa kila usiku, shuka haikauki, na ngozi inaanza kuwasha. Akina mama wanaofua kwa malipo karibu na fukwe za yoti wanalijua hili. Wanasuuza mara mbili bila kuambiwa. Wanastahili kulipwa bei nzuri.

Sokoni, Mgandini au Darajani au Kongowea, vitu vinunuliwe na makatoni yaachwe. Mayai ya mende hujificha kwenye mikunjo ya katoni, na mende akiingia chomboni kumtoa ni kazi ya miezi. Mayai ya kuku yasiyowahi kuwekwa friji hukaa wiki kadhaa yakigeuzwa kila baada ya siku chache. Ndizi zinunuliwe za hatua tofauti, maana mkungu mmoja huiva wote kwa pamoja. Beba kikapu: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Mtungi wa gesi uende na adapta, kwa kuwa vichwa vya mitungi havifanani nchi na nchi.

Lakini kabla ya kuandika orodha ya soko, fungua masharti ya bandari inayofuata. Yoti inayoelekea Australia itatoa taarifa angalau saa 12 kabla ya kufika, na New Zealand saa 48. Zote mbili zitachukua matunda na nyama iliyobaki. Huko huendi na masurufu ya ziada, unahesabu mpaka kitunguu cha mwisho. Tangu 2018 New Zealand hukagua hata tumbo la chombo, na lililoota mwani na magamba hukataliwa mpaka lisafishwe. Kazi ya kukwangua, ambayo mabaharia wetu wa majahazi waliifanya kwa kukalisha chombo ufukoni maji yakipwa na kukipaka deheni, imekuwa sharti la kuingia nchi. Mwambao wetu wenye bamvua kubwa ni mahali pazuri pa kuifanya kabla ya safari ndefu.

Taka zinafuata kanuni hiyo hiyo. MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi unaotoka melini, unakataza plastiki kutupwa baharini mahali popote. Mabaki ya chakula yanaruhusiwa mbali na nchi kavu: maili 12 yakiwa mazima, maili 3 yakiwa yamesagwa. Vilivyobaki vinarudi bandarini, na baadhi ya nchi huzihesabu taka za chombo cha kigeni kuwa hatari ya magonjwa, kwa hiyo uliza kwanza pipa lipi ni lako. Usimkabidhi mtoto wa ufukoni mfuko wa taka na sarafu. Utaukuta umeelea kesho yake.

Kuondoka

Kutoka ni kuingia kwa kinyumenyume: bandari ilipwe, forodha ifunge kibali cha muda na kutoa hati ya kuondokea, ambayo wenyewe wa bandarini huiita klirensi, kisha uhamiaji ugonge mihuri mwishoni. Klirensi ndiyo karatasi ya kwanza itakayoombwa nchi inayofuata. Asiyekuwa nayo anaonekana ametoroka, na anaweza kukataliwa.

Baada ya mhuri wa kutoka, watu hawako tena nchini, hata kama nanga bado iko chini. Muda wa kuondoka huwa mfupi, mara nyingi siku moja au mbili, na ofisa ndiye atakayekuambia ni saa ngapi. Kwa hiyo maji, dizeli na nguo vimalizwe kabla ya kwenda ofisini, na hali ya hewa isomwe asubuhi hiyo hiyo. Ikiwa umeshagongewa na upepo umegeuka, rudi ukaseme. Ofisa aliyeambiwa mapema huongeza muda au hufuta mhuri, lakini yoti iliyokutwa imejificha nyuma ya kisiwa na klirensi iliyopitwa na wakati haina maelezo. Na kama ulishatoka ukakumbwa na dhoruba, mlingoti ukavunjika au mtu akaumia, sheria ya bahari inakuruhusu kutafuta hifadhi kwenye bandari iliyo karibu. Ita kwenye redio chaneli 16, taja jina la chombo na shida yako, pandisha tena bendera ya njano, na usimshushe mtu yeyote asiye mgonjwa mpaka maofisa wafike.